Namna ya Kuuhoji Upanga wa Afisa: Mwongozo kwa Watu wa Butembo na Beni

Hakuna askari anayepanda cheo haraka kama upanga wa zamani. Ukishushwa asubuhi kutoka kwenye dari ya nyumba moja huko Bulengera, umefungwa kitambaa na umejaa kutu, unakuwa upanga wa sajini. Ukifika Kimemi saa sita mchana, sajini ameshakuwa kapteni. Ukisafiri kilomita hamsini na kitu hadi Beni na kulala Mulekera, kapteni ameamka jenerali, tena jenerali aliyepigana na Waarabu, Wajerumani na Waitaliano kwa mpigo. Muuzaji anainama, anashusha sauti: "Papa, huu ni wa mukubwa mwenyewe. Angalia maandishi." Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyeambiwa uangalie maandishi, na unataka kweli kuyaangalia.

Upanga wenyewe hausemi uongo. Husemewa uongo na kila aliyeushika. Kwa hiyo kazi yako ni kuutenga na wapambe wake, kuukalisha peke yake mezani, na kuuliza maswali ambayo chuma kinaweza kuyajibu.

Kabla ya swali la kwanza, uulaze mahali salama. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, Oicha, Eringeti na Mbau wamechinjwa kwa mapanga, na ndugu zao wanaishi nyumba ya pili kutoka kwako. Usiutembeze upanga juu ya pikipiki. Usipige picha umeunyanyua kama mshindi. Usiufungue mbele ya watoto wa jirani ambao huenda walikimbia kwao usiku kwa sababu ya chuma cha namna hiyohiyo. Jimbo linaongozwa kijeshi tangu Mei 2021, na askari aliyechoka kwenye bariyeri ya jioni halazimiki kujua tofauti kati ya kitu cha makumbusho na silaha. Mwambie shefu wa avenyu kwamba kitu hicho kipo, kiko kwa nani na kilitoka wapi. Baada ya hapo, kinachosafiri ni picha. Chuma hubaki nyumbani.

Sasa usafi. Hapa ndipo mapenzi ya mwenye mali yanapoharibu mali. Mtu anaona kutu, anakimbilia mchanga, msasa, au fundi wa kunoa majembe. Jioni upanga unang'aa, lakini maandishi yamekwenda na kutu. Michoro ya kwenye bapa la upanga wa afisa ni ya juujuu sana, haikuchimbwa ndani. Mikono miwili yenye bidii huifuta kwa saa moja. Chukua kitambaa laini na tone la mafuta ya cherehani, pangusa polepole, acha doa jeusi libaki doa jeusi. Kama ala ni ya ngozi, toa upanga humo na uviweke mbali mbali, maana Butembo iko juu ya mita 1,700, ukungu na mvua haviishi, na ngozi hunywa unyevu huo na kuukabidhi kwa chuma. Na usiunoe. Panga nyingi za maafisa wa enzi hizo zilikuwa za gwaride na sherehe, kwa hiyo ukiutia makali leo unauandikia vita ambavyo haukupigana.

Anza mahojiano kwenye mpini, utafute herufi ya mfalme chini ya taji. A ni Albert, aliyetawala Ubelgiji kuanzia 1909 hadi 1934. L inataka subira, kwa sababu Leopold wa Pili alikufa 1909 na Leopold wa Tatu akaingia 1934, na miaka 25 iliyo kati yao inatosha kumfanya babu kuwa mjukuu. B ni Baudouin, mfalme wa mwisho kuitawala Kongo. Ukikuta VR, uko upande wa Waingereza kabla ya kifo cha Victoria mwaka 1901. GVR ni George wa Tano, 1910 hadi 1936. Usistaajabu ukikuta alama ya Kiingereza Beni. Kasindi ni mpakani, Uganda iko ng'ambo, na kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902. Vitu vilivuka pamoja na watu.

Kisha nyota. Muuzaji huipenda sana nyota. Hesabu ncha zake. Nyota moja ya ncha tano ni ya Dola Huru ya Kongo ya Leopold, ambayo bendera yake ya buluu na nyota ya dhahabu iliendelea kupepea chini ya Wabelgiji hadi 1960. Ikiwa na ncha sita na iko kwenye bapa karibu na mpini, ikizunguka kidoti cha shaba, hiyo ni alama ya mtengenezaji wa Kiingereza kwamba chuma kilijaribiwa na hakikuvunjika. Kongo haimo humo, na Mfalme Sulemani hayumo vilevile, ingawa huko sokoni ametajwa mara nyingi.

Tunamfikia sasa Kapteni Solingen. Afisa huyu amehudumu kila mahali: ametajwa Goma, Bunia, Kisangani, na bila shaka Butembo. Hakuzaliwa. Solingen ni mji wa Ujerumani ambao mafundi wake waliuza vyuma kwa nusu ya majeshi ya Ulaya, pamoja na maduka ya Brussels yaliyowavisha maafisa wa kwenda Kongo. Jina lililo karibu na mpini, kwa kawaida, ni la fundi, la duka au la mji. Usilipe cheo. Wala usiseme upanga ni wa Mjerumani kwa sababu tu chuma chake ni cha Ujerumani.

Jina la mwenyewe, kama lipo, hutafutwa kwingine: katikati ya bapa ndani ya mchoro, kwenye sahani ndogo ya ala, au limekwaruzwa kwa msumari ndani ya kinga ya mkono. Mara nyingine ni herufi mbili tu. Na kama jina la duka ni Wilkinson wa London, tazama mgongo wa upanga. Tangu 1854 kampuni hiyo ilipiga namba kwenye panga zake nyingi za maafisa na kuziandika katika daftari, na sehemu kubwa ya madaftari hayo ipo hadi leo. Namba ya tarakimu tano inaweza kukupa mwaka wa kuuzwa na jina la mnunuzi. Shahidi adimu kama huyo usimpite bila kumshukuru.

Nenda sasa kwenye swali ambalo familia nyingi hazitaki kuulizwa: ulikuwa wa nani?

Hapa mwongozo hauna huruma kwa hadithi tamu. Katika Force Publique, jeshi la koloni, hakukuwa na afisa Mkongomani hata mmoja hadi Julai 1960. Mtu mweusi aliweza kutumikia miaka ishirini, akapigana nje ya nchi mara mbili, akafundisha maluteni weupe jinsi ya kuvuka mto, na akastaafu na tepe za sajini; waliofika cheo cha ajida (adjudant) karibu na uhuru walikuwa wachache mno. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye Jenerali Janssens, kamanda Mbelgiji, aliwaambia askari wake kwamba kwao mambo yangebaki kama yalivyokuwa kabla ya uhuru, na kambi zikalipuka kwa hasira. Tarehe 8 Julai serikali ya Lumumba ikawapa Wakongomani vyeo vya uafisa: Victor Lundula akawa jenerali, Joseph Mobutu akawa kanali.

Kwa hiyo mtu akikwambia, "Huu ulikuwa wa babu yangu, kapteni wa mwaka 1940," mheshimu babu, ila kataa cheo. Cheo hicho alinyimwa kwa makusudi, na ukimpa leo kwa mdomo unawafichia aibu waliomnyima. Uliza upanga uliingia nyumbani kwa mlango gani. Huenda babu alikuwa mpishi wa afisa na akaachiwa sanduku Julai 1960, Wazungu walipokimbilia Uganda. Huenda alikuwa askari wa zamu. Huenda aliuokota wakati wa vurugu za waasi wa Simba mwaka 1964, au aliununua kwa mtu aliyeuokota. Kila mlango kati ya hiyo una historia nzito kuliko ya kapteni wa kubuni, na kila mmoja unaweza kufuatiliwa.

Tuseme umepata jina, na ni la Mbelgiji. Karatasi zake ziko Brussels. Mafaili ya watumishi weupe wa koloni yalitunzwa katika mkusanyiko unaoitwa Archives Africaines, na Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi kule Cinquantenaire nayo ina mafaili ya maafisa. Kabla ya kuandika barua, fungua Biographie Coloniale Belge, vitabu vilivyoanza kutoka mwaka 1948 na ambavyo sasa husomwa bure kwenye intaneti, vyenye maisha mafupi ya watu wengi waliopita Kongo. Utaona tarehe ya kupanda meli Antwerp, siku ya kushuka Boma, vituo alivyopangiwa, homa zilizomrudisha kwao, nishani. Étoile de Service, iliyoanzishwa 1889, ilitolewa kwa aliyemaliza miaka mitatu ya utumishi, na kila muhula zaidi uliongeza kijiti kwenye utepe. Ukikuta picha ya afisa na vijiti vitatu kifuani, umeshajua kwamba hakuwa mgeni wa msimu mmoja.

Usikomee Ubelgiji. Force Publique iliajiri Wadenmaki, Waswidi, Wanorwe na Waitaliano wengi. Frederik Olsen, aliyeongoza brigedi ya kusini mwaka 1916, alikuwa Mdenmaki. Kama jina la kwenye ala halitamkiki Kifaransa, andika Copenhagen, Stockholm au Oslo kabla ya kukata tamaa.

Faili likija, lisome huku umefungua ramani. Faili linalosema "Semliki" au "Beni" mwaka 1898 halisemi mji huu wenye taksi na maduka. Linasema kituo cha zamani kwenye bonde la Semliki, na mtu huyo huenda hakuiona Butembo kabisa, kwani Butembo ilikua kuwa mji baadaye, kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs ilipoweka makao yake hapo. Upanga ulioonekana Butembo na afisa aliyekaa Semliki bado wanahitaji mtu wa kuwaunganisha. Mtafute mtu huyo.

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya niandike mwongozo wenyewe. Maafisa hawa walipewa hata ardhi yetu iwe sehemu ya majina yao. Josué Henry aliwashinda askari walioasi msafara wa Baron Dhanis kwenye mto Lindi, mto wa misitu ya upande wetu, Julai 1897. Akaja kuitwa Henry de la Lindi. Jenerali Charles Tombeur aliongoza vita vya 1916 dhidi ya Wajerumani. Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba, naye akawa Baron Tombeur de Tabora. Mwaka 1941, baada ya vita vya Asosa na Gambela huko Ethiopia, Jenerali Gilliaert alipokea Saio kujisalimisha kwa jenerali wa Kiitaliano Gazzera, tarehe 3 Julai. Majina yao yako kwenye vitabu, mitaa na nishani. Lakini kwenda Tabora kulihitaji risasi, mchele, mizinga iliyofunguliwa vipande na dawa, na barabara hazikuwepo. Wapagazi zaidi ya 200,000 walikusanywa kwa vita hivyo upande wa Kongo. Hakuna hata mmoja aliyeitwa Fulani wa Tabora. Wengi hawakurudi, na waliorudi walirudi na kikohozi na mabega yaliyochubuka, bila karatasi.

Ndiyo maana nasema historia ya utumishi ya upanga haimalizwi na jina lililo kwenye bapa. Afisa alikuwa na mtu wa kumbebea sanduku, mtu wa kumpikia, askari mia moja au zaidi nyuma yake, na wake za askari waliotembea mwendo uleule na watoto mgongoni. Ukipata tarehe zake, umepata tarehe zao. Faili lake ni mlango wao wa kuingilia, na ukiufungua bila kuwaingiza umefanya kazi nusu.

Kuwatafuta ni kazi ngumu kuliko kumtafuta kapteni, na kwa Wanande ina mtego wake. Kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa: mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukienda kwenye orodha ya askari kumtafuta Kambale, umeenda kumtafuta mtoto wa pili wa kila nyumba kutoka Lubero hadi Oicha. Jina peke yake halitoshi. Unahitaji jina la baba, kijiji, na shefri: Bashu, Baswagha, Bamate, Batangi, Watalinga. Hapo majina mia yanapungua kuwa matatu. Kumbuka pia kwamba karani Mbelgiji aliandika alichosikia. Soma jina kwa sauti, ulisikilize, ndipo uamue kama ndilo.

Wapi pa kutazama? Rejista za ubatizo kwanza. Mapadre Waasumpsionisti walifika eneo hili 1929, na misheni ya Beni ikakua hadi kuwa dayosisi mwaka 1959, ile ambayo tangu 1967 inaitwa Butembo-Beni. Katika rejista za parokia za zamani kuna baba wa watoto, mahali walipotoka, na pengine kazi yao. Omba ruhusa kwa adabu, nawa mikono, usipige picha bila kuambiwa ndiyo. Halafu nenda kwa wazee, hasa wanawake wazee, kwa sababu wao ndio walioambiwa hadithi jioni wakati wanaume wako kwenye mazungumzo ya siasa. Usimuulize bibi, "Babu alikuwa cheo gani?" Muulize alitembea kutoka wapi hadi wapi, alikula nini njiani, nani alirudi naye, na yule Mzungu watu walimwitaje. Swali la mwisho lina thamani kubwa. Wazungu walipewa majina ya kienyeji na watu wao, na Biographie Coloniale mara nyingine hutaja majina hayo. Jina la utani lililobaki kichwani mwa bibi wa Musienene linaweza kumfungua afisa ambaye herufi mbili za kwenye ala zilishindwa kumfungua.

Fanya haraka. Koplo Albert Kunyuku, mmoja wa Wakongomani wa mwisho waliotumikia Vita vya Pili vya Dunia, alivishwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100. Vita viliisha 1945. Miaka 77 ni muda mrefu wa kungojea mtu akupigie saluti. Katika vijiji vyetu wengi hawakungoja, walikufa.

Mtu atakuja na pesa. Huja kila mara, na huja na haraka. Mwambie kwanza akuachie picha za mpini, bapa, mgongo na ala, pamoja na kipimo cha urefu, kisha mzungumze. Mwambie pia kwamba Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu 1971, na kwamba Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ina haki ya kujua. Mimi ningemshauri asiyelazimishwa na njaa asiuze. Tazama mfupa wa Ishango: ulichimbwa 1950 na Jean de Heinzelin pale Semliki inapotoka Ziwa Edward, katika teritwari hii ya Beni, na leo uko Brussels, ukiwa na maelezo ya tabaka la udongo ulimolala. Mtoto wa Beni akitaka kuuona apande ndege. Kitu chetu kilikwenda kwao na faili kamili. Kitu chao kimebaki kwetu bila hata ukurasa mmoja. Ukurasa huo uandike wewe.

Uandike hivi: nani ameutoa upanga, wapi, siku gani. Nani alikuwa nao kabla yake, na huyo aliupataje. Kinachoonekana kwenye chuma, kwa maneno ya kawaida, bila "pengine" iliyogeuzwa kuwa "hakika". Kisha yale yaliyosemwa na watu, kila kauli na jina la aliyeisema kama ameridhia. Uongo wa sokoni nao uuandike mahali pake, kama uvumi, kwa kuwa watu wanapoupa upanga jenerali wanakuonyesha ni mtu wa namna gani wanayetamani awe amepita kwao.

Tamaa hiyo ina sababu. Beni inamjua afisa wake bila upanga. Kanali Mamadou Ndala, kamanda wa batalioni ya 42 ya makomando, aliyeshiriki kuwashinda waasi wa M23 mwaka 2013, aliuawa tarehe 2 Januari 2014 huko Ngadi, mlangoni mwa mji, na kesi ya kifo chake ikasikilizwa Beni mwaka huohuo. Watu hapa wanaweza kukusimulia vita vyake kilima kwa kilima. Lakini masimulizi hayo yako midomoni, na midomo inapandisha vyeo, inahamisha vilima, inasahau walinzi waliokufa naye ndani ya gari. Waliotumikia chini yake wengi bado ni vijana. Wana simu, wana picha, wanakumbuka majina. Ukimaliza kuuhoji upanga wa Mbelgiji, usilifunge daftari. Geuza ukurasa, keti na mmoja wao, umuulize maswali yaleyale: alitoka wapi, alifika wapi, alikula nini njiani, nani alirudi naye. Nakala moja ibaki kwa familia yake, nyingine parokiani, na ya tatu ipeleke kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, na udai wakupe risiti.